Kuvuna nishati ya mionzi ya infraredi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyapokea kwa miaka kadhaa kutoka kwa wanafunzi wa fizikia, mafundi wa sola, na watu walioona video ya "paneli inayozalisha umeme gizani" wakataka kujua kama ni kweli. Mengine yanajibika kwa mistari miwili. Mengine yanadai tukae chini.

Infraredi ni nini hasa?

Ni mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Mwaka 1800, huko Uingereza, mwanaastronomia William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, kisha akapima joto la kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana hapana mwanga wowote, ndicho kilichopanda kuliko vyote. Huko ndiko infraredi ilikojulikana kwa mara ya kwanza: kwa joto lake.

Jambo moja litenganishwe mapema, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Kuna infraredi fupi, yenye mawimbi ya urefu wa chini ya mikromita 3 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Hiyo hutoka kwenye jua, kwenye chuma kilichoiva kwa moto, hata kwenye rimoti ya televisheni. Kisha kuna infraredi ndefu, ya karibu mikromita 10, inayotoka kwenye vitu vya joto la kawaida: ukuta, ardhi, ng'ombe, kiganja chako. Ya kwanza ina nguvu na inavunika. Ya pili ipo kila mahali, na ndiyo inayouzwa kwa maneno matamu.

Ni kweli nusu ya nishati ya jua ni infraredi?

Kweli. Jua la saa sita mchana, anga likiwa safi, huleta takriban wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na zaidi kidogo ya nusu yake ni infraredi. Karibu yote ni ile fupi.

Paneli yangu ya sola inaitumia?

Inatumia sehemu. Paneli nyingi zimetengenezwa kwa silikoni, na silikoni hung'oa elektroni pale tu fotoni, yaani chembe ya mwanga, inapokuja na nguvu ya kutosha. Mpaka wake ni mawimbi ya nanomita 1,100 hivi, yaani mikromita 1.1. Jicho letu linaishia karibu nanomita 700, kwa hiyo kati ya 700 na 1,100 paneli yako tayari inavuna infraredi, na imekuwa ikifanya hivyo tangu ilipopanda juu ya paa.

Infraredi iliyo ng'ambo ya mpaka huo haizai umeme. Sehemu yake hupenya, sehemu hubaki ndani kama joto, na joto ni adui wa paneli. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25, paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu yake. Juu ya bati, mchana, paneli hufika nyuzi 60 bila shida. Piga hesabu: zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme uliolipia imeyeyuka. Ndiyo maana naumia kila nikiona paneli zimelazwa moja kwa moja juu ya bati, bila hata upenyo wa sentimita 10 wa kupitisha hewa. Kabla hujauliza kuhusu teknolojia ya kuvuna infraredi, inua paneli zako. Ni faida ya leo, na gharama yake ni vipande vya chuma na bolti.

Kwa nini wasitengeneze paneli ya kitu kingine kinachokamata infraredi yote?

Kwa sababu mlango mpana una hasara yake. Ukichagua nusukipitishi (kitu cha jamii ya silikoni) kinachopokea fotoni dhaifu, umeme unaopata kutoka kwa kila fotoni nao unakuwa na volti ndogo, na fotoni zenye nguvu zinapoteza ziada yao kama joto. Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walikokotoa kikomo cha ufanisi wa seli ya sola yenye tabaka moja, yaani sehemu ya mwanga inayoweza kugeuka umeme. Hesabu za leo zinakiweka karibu asilimia 33 kwa mwanga wa jua usiokusanywa kwa vioo. Dawa yake ni kupanga tabaka juu ya tabaka, kila moja likichukua fungu lake la mawimbi. Seli za satelaiti hufanya hivyo. Bei yake bado haijashuka hadi kwenye paa la mtu wa kawaida.

Kila kitu kinatoa infraredi usiku na mchana. Kwa nini tusiikusanye tu?

Hili ndilo swali lenyewe, na anayeliuliza hajakosea kushangaa. Ukuta wenye joto la nyuzi 27 hutoa takriban wati 460 kwa kila mita ya mraba, mchana na usiku, bila bili. Chumba kimoja kina makumi ya mita za mraba za kuta, sakafu na dari. Ni maelfu ya wati zinazoruka hewani mbele ya macho yetu. Vipi basi tunakaa gizani umeme ukikatika?

Ni kwa sababu ukuta wa pili nao unatoa wati 460 zilezile kuelekea ukuta wa kwanza. Na kifaa utakachokiweka katikati, nacho kikiwa na nyuzi 27, kinatoa kiasi hichohicho. Kila kinachoingia kinatoka.

Fikiria maji. Bahari ya Hindi ina maji kuliko mabwawa yote ya mto Tana yakiwekwa pamoja, lakini Kenya haichoti umeme kwenye bahari iliyotulia. Inauchota Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kwa kuwa huko maji yanaporomoka kutoka juu kwenda chini. Joto nalo ni hivyo. Wingi wake peke yake hauzungushi kitu. Kinachozungusha ni mteremko, yaani tofauti kati ya upande wa moto na upande wa baridi. Mfaransa Sadi Carnot alilieleza hilo mwaka 1824 akichunguza injini za mvuke, na tangu hapo hakuna kifaa kilicholikiuka, kiwe cha mvuke, cha silikoni au cha antena. Wanafizikia huliita kanuni ya pili ya thamodinamiki.

Kwa hiyo ukionyeshwa kifaa chochote kinachodai kuvuna joto, uliza swali moja: upande wa baridi uko wapi?

Na joto la mwili wangu? Si nyuzi 37?

Ndani ni 37. Ngozi ni kama 33. Mtu mzima hutoa karibu wati 900 za infraredi, idadi inayoshtua mpaka ukumbuke kwamba kuta za chumba chenye nyuzi 25 zinamrudishia kama 800. Kinachobaki ni wati 90 hivi. Na kati ya nyuzi 33 na 25 mteremko ni mdogo kiasi kwamba hata mashine kamilifu, isiyopoteza kitu, ingegeuza chini ya asilimia 3 tu kuwa umeme. Vifaa halisi hupata sehemu ndogo ya hiyo. Inatosha saa ya mkononi. Simu, hapana.

Basi upande wa baridi tutaupata wapi usiku?

Juu.

Toka nje alfajiri baada ya usiku usio na mawingu, uguse paa la gari au bati la nyumba. Limelowa umande, na mara nyingi lina baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hakuna upepo uliolipoza hivyo, kwa maana upepo hauwezi kukipoza kitu kikavu kupita ubaridi wake wenyewe. Bati limepoa kwa sababu usiku kucha limekuwa likitupa infraredi yake juu, na anga halikurudisha yote.

Hewa ina dirisha. Mvuke wa maji na kaboni dioksidi huzuia sehemu kubwa ya infraredi ndefu, lakini kati ya mikromita 8 na 13 hivi huachia ipite. Kwa bahati kubwa, hapo ndipo vitu vya joto la kawaida hutoa mionzi yao mingi zaidi. Kwa hiyo bati lako linazungumza moja kwa moja na anga za juu, ambako joto ni nyuzi 270 chini ya sifuri. Usiku mkavu na safi, kitu kinachotazama juu kinaweza kupoteza hadi kama wati 100 kwa kila mita ya mraba.

Watu walilijua hili bila kulijua jina. Huko Uajemi, katika nchi kame, barafu ilitengenezwa kwa kumwaga maji kwenye vidimbwi vya kina kifupi usiku wa anga safi, kisha ikahifadhiwa kwenye majengo ya udongo yenye kuba. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaijua sura yake mbaya: jalidi inayounguza majani asubuhi baada ya usiku mtulivu wenye nyota nyingi. Nguvu ni ileile.

Ile taa iliyowashwa na giza, ni ya kweli?

Ni ya kweli, na ninaipenda kwa jinsi ilivyo rahisi. Mwaka 2019 Aaswath Raman na wenzake, Marekani, walichukua sahani ya alumini iliyopakwa rangi nyeusi, wakaielekeza angani usiku, na chini yake wakabandika kibapa cha umemejoto, kinachogeuza tofauti ya joto kuwa umeme, cha jamaa ya vile vyeupe vidogo vilivyomo kwenye friji za gari. Juu kulikuwa na sahani iliyopozwa na anga, chini hewa yenye uvuguvugu. Mteremko huo ukawasha taa ndogo ya LED.

Sasa idadi. Kifaa kilitoa milwati 25 kwa mita ya mraba (milwati ni sehemu moja ya elfu ya wati). Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliunganisha wazo hilo na paneli ya sola ya kawaida, wakafika milwati 50. Chaja ya simu ya kawaida huhitaji wati 5, hivyo kwa milwati 50 utahitaji mita za mraba 100 za paneli kuchaji simu moja polepole. Ni eneo la paa la nyumba nzima.

Hiyo haimaanishi kazi yao ni bure. Kuna vipima-hewa na vipima-udongo vilivyowekwa porini ambavyo vinahitaji milwati chache tu, na betri zake zikifa hakuna wa kwenda kuzibadilisha. Kwa vifaa hivyo, umeme mdogo usiokatika usiku una thamani.

Nimesikia Australia wametengeneza "sola ya usiku".

Unazungumzia Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, mwaka 2022. Walitumia diodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya zebaki, kadimi na teluriamu, madini yaleyale ya miwani ya kuonea usiku. Paneli ya sola huzalisha umeme kwa kupokea mwanga. Diodi hii huzalisha kwa kuutoa. Yenyewe ikiwa na joto na ikitazama kitu baridi, inapoteza fotoni za infraredi, na kule kupoteza kunasukuma mkondo wa umeme. Ni sola iliyogeuzwa nje-ndani.

Walipima kama milwati 2.3 kwa mita ya mraba, kwa tofauti ya nyuzi 12.5. Ni karibu mara laki moja chini ya paneli ya mchana. Walichothibitisha ni kwamba njia ipo, nao wenyewe walisema hivyo. Waliogeuza habari hiyo kuwa tangazo la biashara ni wengine.

Kikomo cha juu cha njia hii ni kiasi gani?

Mwaka 2014 Steven Byrnes, Romain Blanchard na Federico Capasso wa Harvard walichukua vipimo vya anga vya Lamont, Oklahoma, wakakokotoa kwamba kifaa kizuri kinachotumia ubaridi wa anga kingetoa wastani wa wati 2.7 kwa mita ya mraba, mchana na usiku. Weka hiyo kando ya paneli ya leo inayotoa wati 200 juani. Nishati hii, hata ikikomaa, ni ya kusaidia usiku.

Kwa nini wasitumie antena, kama ya redio?

Wazo zuri, na lina historia. Mwaka 1964 William Brown alirusha helikopta ndogo Marekani kwa umeme uliotumwa kwa mawimbi ya mikrowevu na kupokewa na antena zenye diodi. Infraredi nayo ni wimbi la jamii hiyohiyo. Shida ni kasi. Wimbi la mikromita 10 hutetema mara trilioni 30 kwa sekunde, na diodi ya kawaida haiwezi kufunguka na kufunga upesi hivyo. Antena yenyewe lazima iwe ndogo kuliko unene wa unywele. Mwaka 2015 kundi la Baratunde Cola, wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, lilifaulu kugeuza mwanga kuwa umeme kwa antena za mirija midogo mno ya kaboni, ila ufanisi ulikuwa mbali chini ya asilimia 1.

Na hata ikipatikana diodi kamilifu, swali la upande wa baridi linabaki palepale. Antena yenye joto sawa na chumba haivuni chumba.

Kuna mahali ambapo infraredi inageuzwa umeme kwa wingi?

Ndiyo, na hapa ndipo matumaini yangu yalipo. Acha ukuta wa nyuzi 27. Chukua kitu kilichowaka hadi nyuzi 2,000. Mionzi huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto, likipimwa kutoka sifuri halisi (nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi): joto likiwa mara mbili, mionzi inakuwa mara kumi na sita. Kitu hicho hakitoi mamia ya wati kwa mita ya mraba, kinatoa zaidi ya milioni. Tena sehemu kubwa ni infraredi fupi, ile yenye nguvu.

Seli zinazotazama moto badala ya jua huitwa za thamofotovoltaiki. Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha MIT na maabara ya nishati jadidifu ya Marekani, NREL, walitangaza seli iliyovuka ufanisi wa asilimia 40 mbele ya kimulimuli, yaani kitu kilichopashwa moto hadi king'ae, chenye nyuzi 1,900 hadi 2,400. Mitambo mingi ya mvuke, pamoja na mabomba na pangaboi zake zote, haifiki hapo. Na seli haina kinachozunguka wala kinachohitaji grisi.

Siri yake kubwa ni kioo kilichowekwa mgongoni mwa seli. Fotoni dhaifu isiyoweza kuzaa umeme hupita, hugonga kioo na kurudi ilikotoka, ikaongeze joto la kimulimuli. Haipotei. Kwa jua huwezi kufanya hivyo, kwani fotoni ukiirudisha haifiki kwenye jua; imekwenda zake. Hapa chanzo kiko sentimita chache tu.

Matumizi yanayolengwa ni betri ya joto. Umeme wa ziada wa jua au upepo unapasha moto vipande vikubwa vya grafati vilivyofunikwa vizuri. Usiku seli zinafunuliwa mbele ya grafati inayong'aa. Grafati ni kaboni, na kaboni ni ya bei rahisi kuliko lithi ya betri za kawaida. Kwa nchi ambazo jua lake linazama saa kumi na mbili na nusu, wakati ambapo kila nyumba inawasha taa na kupika, naona hili ni la kufuatiliwa kwa karibu kuliko taa zote za gizani.

Muuzaji ameniambia paneli yake inavuna infraredi hivyo inafanya kazi usiku. Ninunue?

Usinunue. Nimemwona mama mwenye duka la vinywaji aliyelipa karibu mara mbili ya bei kwa maneno hayo, na kilichokuwa kinawasha friji yake usiku kilikuwa betri, kama kwa jirani yake. Paneli ya silikoni hupokea infraredi fupi ya jua. Jua likizama, infraredi hiyo nayo imezama. Ile ndefu iliyobaki haiwezi kuiamsha silikoni hata kidogo. Mwombe muuzaji akuwekee mita kwenye paneli saa mbili usiku, waya wa betri ukiwa umechomolewa, taa zote zimezimwa, usome mwenyewe.

Sisi wa pwani tunaweza kutumia ubaridi wa anga?

Kwa kiasi. Unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat hufunga sehemu ya lile dirisha, na mawingu hulifunga karibu lote. Dodoma, Turkana na Marsabit zina nafasi nzuri zaidi.

Lakini pwani ina chokaa. Kuta nyeupe za miji yetu ya zamani hufanya kazi mbili kwa mara moja: zinarudisha mwanga wa jua, na zinatoa infraredi ndefu kwa urahisi. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Purdue kilitangaza rangi nyeupe ya bariamu salfeti inayorudisha asilimia 98.1 ya mwanga wa jua, kiasi kwamba ukuta unaweza kupoa chini ya hewa hata juani. Chokaa haifiki hapo, ila iko upande uleule. Bati jipya linalong'aa ni kinyume: linarudisha mwanga mwingi, lakini metali tupu ni bahili wa kutoa infraredi, hivyo joto lililoingia linakwama. Ukilipaka rangi nyeupe, nyumba inapoa, na feni au kiyoyozi kinakula umeme kidogo. Wati ambayo hukuihitaji ni wati uliyoivuna.

Kwa hiyo unashauri tuitumie infraredi kama joto, si kama umeme?

Kwa leo, ndiyo kabisa. Kigeuzi cha umeme hupoteza. Joto likitumika kama joto halipotei sana. Hita ya maji ya sola hunasa mwanga wa jua wote, unaoonekana na usioonekana. Bamba lake hupakwa tabaka maalumu linalomeza zaidi ya asilimia 90 ya mwanga wa jua na kutoa infraredi ndefu kidogo sana, na kioo cha juu huipitisha ile fupi ya jua na kuizuia ile ndefu ya bamba isitoroke. Shule ya bweni inayochemsha maji kwa kuni ingepata nafuu kubwa hapo. Vikaushio vya dagaa na maembe navyo hutumia jua kama joto, kwa mbao na nailoni tu.

Nawezaje kujaribu mwenyewe?

Chukua boksi la foamu la samaki, kipande cha alumini kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na vipimajoto viwili. Laza alumini ndani ya boksi bila kugusa kuta zake, kipimajoto kimoja kikiwa kimebandikwa chini yake. Funika mdomo wa boksi kwa polithini nyembamba inayoonyesha; usitumie kioo, kwa sababu kioo huzuia infraredi ndefu. Kipimajoto cha pili kining'inie hewani, mita moja kutoka ardhini. Weka boksi uwanjani jua likishazama, mbali na miti na kuta, maana navyo vinatoa infraredi.

Soma vyote viwili kila baada ya nusu saa. Usiku mkavu wenye nyota, alumini itashuka nyuzi kadhaa chini ya hewa. Rudia usiku wa mawingu, boksi likiwa mahali palepale, uandike namba za siku zote mbili kwenye ukurasa mmoja.